Saruji yenye hewa ukaa kidogo: Je, itabeba ghorofa za Kariakoo na nyumba yako kijijini?

Kariakoo haijawahi kumaliza kujengwa. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, zilizosimamishwa kwa miti na udongo, zimekuwa zikipisha maghorofa moja baada ya jingine, na kasi hiyo iliongezeka zaidi tangu miaka ya 1990. Leo kwenye kiwanja kilichowahi kulala familia moja na wapangaji wake, kuna jengo lenye fremu za maduka chini, stoo katikati na vyumba vya kupanga juu. Kila jengo limekula maelfu ya mifuko ya saruji.

Wengi wenu mnaotusikiliza hamuishi Kariakoo. Lakini mnapouza korosho, mpunga au ng'ombe na kuanza kujenga nyumba ya tofali, mnanunua saruji ileile inayopandishwa kwenye maghorofa hayo. Bati, nondo na misumari ya duka la kijijini kwenu huenda vilinunuliwa Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa Gerezani. Kwa hiyo kinachotokea kwenye saruji ya mjini hakichelewi kufika kijijini.

Na kuna jambo linatokea. Viwanda vya saruji duniani vinaanza kubadilisha kilichomo ndani ya mfuko, ili kupunguza hewa ukaa, ile hewa inayoongeza joto duniani na kuvuruga mvua tunazozitegemea. Aina mojawapo inayozungumzwa sana inatumia udongo wa mfinyanzi uliochomwa kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya mawe ya chokaa yaliyochomwa. Mtu akisikia hivyo, swali la kwanza ni halali kabisa: saruji iliyochanganywa na udongo itabeba ghorofa?

Jibu letu kwa kifupi ni kwamba itabeba, iwapo imechanganywa kiwandani kwa kipimo na kutumiwa kwa utaratibu wake. Hatari kubwa tunaiona katika safari ya mfuko huo kutoka kiwandani hadi siku ambayo mirunda inaondolewa chini ya zege. Tuelezane hatua kwa hatua.

Moshi unatoka kwenye jiwe lenyewe

Watu wengi wakisikia kiwanda cha saruji kinachafua hewa, wanafikiria vumbi au moshi wa makaa ya mawe. Hivyo vipo, lakini tatizo kubwa zaidi limo ndani ya jiwe.

Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo kidogo, vinavyosagwa na kuchomwa kwenye tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450. Kinachotoka ni punje ngumu za kijivu ziitwazo klinka. Klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo, tunapata saruji. Nguvu ya saruji ya kawaida inatokana na klinka.

Sasa, jiwe la chokaa limeshikilia hewa ukaa ndani yake. Ukichukua kilo 100 za jiwe safi la chokaa ukazichoma mpaka ziive, unabaki na kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizopungua zimepaa angani kama hewa ukaa. Hata ungetumia jua kupasha joto tanuri hilo, kilo hizo 44 zingepaa vilevile. Ndiyo maana kubadilisha nishati peke yake hakutoshi. Kiwanda cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kwa miaka mingi kimetumia gesi asilia ya Songo Songo. Gesi ina hewa ukaa kidogo kuliko makaa ya mawe, lakini haiwezi kuzuia ile inayotoka kwenye jiwe.

Watu wa Pwani wamelijua tanuri la chokaa kwa karne nyingi. Majumba na misikiti ya Kilwa Kisiwani, na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Hata mawe ya Wazo Hill ni matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma. Tofauti ni ukubwa wa kazi. Tanuri la kuni la mzee wa Kilwa lilichoma kwa ajili ya msikiti mmoja, na tanuri la kiwanda cha leo linachoma usiku na mchana.

Kwa ujumla, utengenezaji wa saruji unakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tanzania imechangia sehemu ndogo sana ya mzigo huo. Lakini miji ya Afrika ndiyo kwanza inajengwa, na nyumba nyingi za watoto wetu bado hazijawekwa hata msingi. Serikali ya Tanzania, katika ahadi yake ya kimataifa ya mwaka 2021, ilisema itapunguza gesi zinazoongeza joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua yoyote. Ahadi kama hiyo haiwezi kutazama misitu na magari tu ikaiacha saruji.

Dawa ni kupunguza klinka

Kwa kuwa klinka ndiyo inayotoa hewa ukaa, njia rahisi ni kuweka klinka kidogo kwenye mfuko na kuongeza kitu kingine chenye uwezo wa kushika. Wazo hili si geni. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na baadhi ya majengo yao bado yamesimama. Hapa nchini, kiwanda cha Mbeya kilichopo Songwe kimekuwa kikitumia pozolana, yaani mawe na majivu ya volkano yanayopatikana kwenye nyanda hizo za juu. Viwanda vingi vya Kenya na Uganda navyo hutumia pozolana.

Nchi nyingine hutumia majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, au taka za viwanda vya kuyeyushia chuma. Sisi vitu hivyo tunavyo kwa uchache, kwa sababu umeme wetu mwingi unatokana na maji na gesi. Na volkano ziko mbali na Dar es Salaam. Hapo ndipo udongo unapoingia.

Watafiti wa chuo cha ufundi cha Lausanne nchini Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Cuba na India, walitengeneza mchanganyiko unaojulikana kwa jina la LC3. Ndani yake klinka ni kama nusu tu. Asilimia 30 hivi ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, asilimia 15 ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na zinazobaki ni jasi. Udongo huo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, joto ambalo ni karibu nusu ya lile la klinka. Na udongo wa mfinyanzi ukichomwa, kinachotoka ndani yake ni mvuke wa maji. Jiwe la chokaa hutoa hewa ukaa, udongo hutoa mvuke. Hiyo ndiyo siri yote.

Tuipige hesabu kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko ambao karibu wote ni klinka unaacha angani hewa ukaa ya kilo 40 hivi, ukijumlisha ya jiwe na ya moto. Mfuko wa mchanganyiko wa udongo unaacha kama kilo 25. Hesabu hubadilika kulingana na tanuri na nishati yake, lakini tofauti ni ya asilimia 30 hadi 40. Nyumba ya mifuko 200 ingeokoa tani tatu za hewa ukaa.

Haya hayapo kwenye vitabu tu. Cuba ilifanya jaribio la kwanza la kiwandani mwaka 2013. India ilitoa kiwango rasmi cha saruji hiyo mwaka 2023. Hapa Afrika, viwanda vya kuchoma udongo kwa ajili ya saruji vimejengwa Abidjan nchini Ivory Coast na Tema nchini Ghana. Nchi hizo zilikuwa zikiagiza klinka kwa meli, kwa hiyo kila tani ya udongo wa nyumbani iliwapunguzia pia gharama ya fedha za kigeni.

Udongo wenyewe uko Pugu

Ukitoka Kariakoo kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kilomita kama 30, unafika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Chini ya vilima hivyo kuna akiba kubwa ya udongo mweupe uitwao kaolini, ambao wataalamu wameufahamu tangu enzi za ukoloni. Mapango ya Pugu ambayo wengine hupanda kwenda kuyatazama ni mabaki ya uchimbaji wa udongo huo.

Kaolini ndiyo aina ya udongo inayofaa zaidi kwa saruji tunayoizungumzia, kwa sababu ikichomwa inakuwa na hamu kubwa ya kushikana na chokaa. Na haihitajiki ile safi kabisa ya kutengenezea vyombo au karatasi. Udongo wenye kaolini asilimia 40 tu unatosha. Hii ina maana kwamba hata udongo mwekundu unaodharauliwa, ambao upo kwenye mikoa mingi yenye mvua na joto, unaweza kupimwa na kukutwa unafaa.

Lakini tusikimbilie koleo. Pugu pia ni msitu wa hifadhi, wenye miti na ndege wa nadra, na ni sehemu ya mapafu ya Dar es Salaam. Saruji inayookoa hewa ukaa kwa kufyeka msitu itakuwa imeziba tundu moja na kutoboa jingine. Na wanakijiji ambao ardhi yao ina udongo huo wana haki ya kuulizwa mapema, kulipwa fidia ya haki na kuona mashimo yakifukiwa. Msikilizaji, iwapo siku moja wapimaji watakuja kijijini kwako kuchukua sampuli za udongo, usione haya kuuliza zinapelekwa wapi na kwa kazi gani. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kuuliza.

Kwa nini Kariakoo wana hofu

Mtu wa Kariakoo akiambiwa kwamba saruji ya siku zijazo itakuwa na klinka nusu, ana sababu ya kushtuka. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo kwenyewe, asubuhi, maduka yakiwa yamefunguliwa. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengi waliokolewa kutoka chini ya kifusi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Hatutaki mtu aelewe kwamba tunasema saruji ndiyo iliyoyaangusha majengo hayo. Jengo huanguka kwa sababu nyingi: msingi uliochimbuliwa, ghorofa zilizoongezwa bila hesabu, nguzo nyembamba, nondo pungufu, zege dhaifu. Tunachosema ni kwamba watu waliofukua ndugu zao kwenye kifusi hawawezi kuombwa waamini saruji mpya kwa maneno matamu ya mazingira. Wanataka uhakika.

Na hofu yao ina neno lake: uchakachuaji. Watanzania tumezoea kuona mafuta yakichakachuliwa, mbolea ikichakachuliwa, hata pilipili ya kusaga ikichanganywa na unga. Kwa hiyo tukisikia saruji imechanganywa na udongo, tunafikiria mjanja mmoja kajifungia stoo na koleo.

Ni vitu viwili tofauti. Kiwandani udongo huchaguliwa, huchomwa kwa joto linalojulikana, husagwa mpaka unakuwa laini kuliko poda, kisha mchanganyiko hupimwa nguvu baada ya siku kadhaa na kurudiwa kila mara. Udongo huo hufanya kazi: unashikana na chokaa inayobaki wakati klinka inapokutana na maji, na kutengeneza gundi zaidi. Udongo mbichi wa shambani ukiutupa kwenye zege haufanyi hivyo. Unanyonya maji, unatenganisha punje na kudhoofisha kila kitu. Kwa hiyo kusiwe na fundi atakayesikia habari hii akadhani amepewa ruhusa ya kuongeza udongo kwenye karai.

Na kuna jambo ambalo huenda litawashangaza wengi: saruji iliyochanganywa tayari mnaitumia. Mfuko mwingi wa bei nafuu mnaoununua una mawe ya chokaa yaliyosagwa au pozolana ndani yake, kwa idhini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Nyumba zenu zimesimama nayo.

Jinsi ya kusoma mfuko

Viwango vya saruji vya Tanzania na vya Afrika Mashariki vimetokana na mfumo wa Ulaya. Kwa hiyo kwenye mfuko huandikwa maneno kama CEM II/B-L 32.5 R. Yanaonekana magumu, lakini yanasomeka hivi.

CEM I ni saruji ambayo karibu yote ni klinka, asilimia 95 au zaidi. CEM II ina mchanganyiko. Ikiwa na herufi A, vitu vilivyoongezwa ni kati ya asilimia 6 na 20. Ikiwa na B, ni kati ya 21 na 35. Herufi inayofuata inataja kilichoongezwa: L ni mawe ya chokaa, P ni pozolana ya asili, Q ni pozolana iliyochomwa, na udongo uliochomwa unahesabiwa humo. M ni mchanganyiko wa vitu zaidi ya kimoja. Mwaka 2021 Ulaya iliongeza daraja la CEM II/C, ambalo linaruhusu klinka kushuka hadi nusu. Hilo ndilo daraja ambalo saruji ya udongo na chokaa inaingia.

Namba ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote kwa usalama. 32.5 na 42.5 ni vipimo vya nguvu ya saruji baada ya siku 28. Ili mfikirie, 32.5 ni sawa na kubeba uzito wa kilo 330 hivi juu ya eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. 42.5 inabeba zaidi ya kilo 430. Herufi R ina maana inapata nguvu haraka siku za mwanzo, na N ina maana inakwenda mwendo wa kawaida.

Hapa ndipo tunapotaka msikilizaji ashike jambo moja. Namba ya nguvu ni ahadi isiyojali kilichomo ndani. Saruji ya 42.5 iliyotengenezwa kwa udongo uliochomwa inatakiwa kufikia nguvu ileile na 42.5 iliyotengenezwa kwa klinka tupu. Isipofikia, haina haki ya kuandikwa hivyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni mfuko huu una namba gani na una alama ya ubora ya TBS. Kwa kawaida 32.5 inatosha kwa tofali, lipu na nyumba ya chini. Nguzo, mihimili na zege la ghorofa ni kazi ya mhandisi kuamua, na mara nyingi atataka 42.5.

Haraka ya fremu na subira ya saruji

Tatizo kubwa tunaloliona ni haraka. Kiwanja cha Kariakoo ni ghali, na kila mwezi ambao jengo halijaisha ni kodi iliyopotea. Fremu hupata wapangaji kabla jengo halijafikia paa, na wengine hutoa kilemba cha mamilioni wakati nguzo bado mbichi. Mwenye jengo anamsukuma mkandarasi, mkandarasi anamsukuma fundi, na fundi anaondoa mirunda mapema ili aitumie ghorofa ya juu.

Saruji nyingi zenye mchanganyiko huanza polepole. Saruji ya udongo uliochomwa, ikiwa ya udongo mzuri, huifikia ya kawaida ndani ya wiki moja hivi, lakini siku mbili tatu za mwanzo inaweza kuwa nyuma. Zile za pozolana ya asili huchelewa zaidi, ingawa zinaendelea kupata nguvu hata baada ya miezi. Fundi aliyezoea kuhesabu siku kwa saruji ya zamani akiondoa mirunda kwa mazoea yaleyale, anaweza kuua watu huku mfuko ukiwa hauna kosa lolote.

Kuna mtego wa pili. Udongo uliochomwa una kiu. Zege lake linaonekana zito kwenye karai, na mkono wa fundi unakwenda kwenye ndoo. Maji yakizidi, zege linateleza vizuri na kumwagika kwa urahisi, lakini likikauka linakuwa na vitundu na kupoteza nguvu. Viwanda hutibu kiu hiyo kwa dawa maalumu za kulainisha zege. Kampuni kubwa zinazosambaza zege kwa magari yenye mapipa ya kuzunguka zinazo dawa hizo na vipimo vyake. Fundi wa mtaani anayechanganya kwa koleo hana.

Mtego wa tatu ni kumwagilia. Zege halikauki kama nguo juani. Linaiva kwa maji. Wiki moja ya kulimwagilia asubuhi na jioni, au kulifunika kwa magunia yaliyoloa, ni kiwango cha chini. Kwa saruji ya mchanganyiko, siku 10 hadi 14 ni bora zaidi. Sehemu ambazo maji hununuliwa kwa ndoo, hapo ndipo gharama inapokatwa kwanza.

Likitunzwa vizuri, zege la aina hii lina faida kubwa kwa miji ya Pwani. Linazuia chumvi isipenye hadi kwenye nondo, na chumvi ya bahari ndiyo inayokula nondo za majengo ya Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar mpaka zege linapasuka na kubanduka.

Je, bei itashuka?

Watu wengi wangependa tuseme ndiyo. Kwa upande wa gharama za kiwandani, sababu zipo. Kuchoma udongo kunatumia nishati pungufu, na tanuri moja la klinka linaweza kutoa saruji nyingi zaidi bila kujenga jingine. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika na bei ikapanda ghafla, ujenzi mwingi ukasimama. Uzalishaji unaoongezeka bila tanuri jipya la klinka ungesaidia kuzuia hali kama hiyo.

Lakini gharama ya kiwanda ikishuka si lazima bei ya dukani ishuke. Inategemea ushindani, na miaka ya karibuni umiliki wa viwanda kadhaa vya saruji nchini umebadilika mikono. Pia kwa msikilizaji wa Katavi au Ruvuma, nauli ya lori ni sehemu kubwa ya bei ya mfuko, na nauli haijali kilichomo ndani yake. Kwa hiyo tunachotarajia kwanza ni soko tulivu zaidi, kisha bei kutegemea usimamizi wa Tume ya Ushindani.

Mnunuzi mwenye nguvu ya kuanzisha mabadiliko ni serikali yenyewe. Barabara za zege za mwendokasi, reli ya SGR, madaraja, shule na vituo vya afya hutumia saruji kwa wingi kuliko mtu yeyote, na zina wahandisi na maabara. Ikianza kutumika huko, ikapimwa na matokeo yakatangazwa, fundi wa Kariakoo atakuwa na kitu cha kutazama kabla hajaamini.

Mfuko safi kuliko wote

Wakati tunasubiri hayo, kuna hewa ukaa inayoweza kuokolewa leo bila kiwanda kipya. Ni ile ya mfuko ambao haukuhitajika.

Tazama Soko Kuu la Kariakoo. Jengo lile lenye paa la zege lililokunjuka kama miavuli lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na kujengwa miaka ya 1970. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliteketeza mali za wafanyabiashara wengi. Hata hivyo serikali iliamua kulikarabati badala ya kulibomoa lote. Zege lile lililomwagwa kwa makini miaka 50 iliyopita linaendelea kufanya kazi, na saruji ambayo ingehitajika kujenga upya imebaki akiba.

Linganisha na jengo linaloporomoka. Hapo tumepoteza watu kwanza, na hilo halina fidia. Kisha tumepoteza mali zao. Na saruji yote iliyotumika imekuwa kifusi, kilichotoa hewa ukaa yake bure, na itachomwa nyingine kujenga palepale. Jengo imara linalodumu miaka mia lina hewa ukaa kidogo kuliko majengo mawili ya saruji ya kisasa yaliyojengwa ovyo.

Kijijini pia ipo nafasi. Matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, yamehimizwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hayahitaji kuni za kuchoma wala udongo wa saruji kati ya tofali na tofali kwa wingi ule wa kawaida. Nyumba ya chini haihitaji nguvu ya ghorofa.

Ya kufuatilia

Tunaona mambo matatu yatakayoonyesha kama saruji hii inakuja kwa heri. La kwanza ni kiwango: TBS na wenzake wa Afrika Mashariki waweke wazi daraja la saruji ya udongo uliochomwa, na maandishi ya Kiswahili yawepo kwenye mfuko, yakiwemo siku za kumwagilia na siku za kungoja kabla ya kuondoa mirunda. La pili ni mafunzo kwa mafundi wa mtaani, kwa sababu wao ndio wanaojenga nyumba nyingi za nchi hii. La tatu ni ukaguzi usiosubiri msiba: mhandisi aende kwenye jengo wakati nguzo zinamwagwa, siyo wakati vikosi vya uokoaji vinafukua.

Kwako wewe unayejenga sasa hivi, huhitaji kungoja kiwanda cha udongo. Soma namba kwenye mfuko. Hakikisha hauna mabonge na ulihifadhiwa mbali na unyevu. Mzuie fundi asizidishe maji. Mwagilia kwa wiki nzima, na ukiweza mbili. Hizo ndizo tabia ambazo saruji ya kesho itazidai kwa ukali zaidi kuliko ya leo, na anayezizoea sasa atakuwa tayari mfuko huo ukifika dukani kwake.